Kulipa Barabara Bila Noti: Kijitabu kwa Wasafiri wa Maniema

Kijitabu hiki ni cha wenye malori na madereva wao, motari wa pikipiki, wasukuma baiskeli wanaoshusha mchele na mawese mjini, akina mama wanaofuata bidhaa Kasongo na Kalima, na kila mtu aliyewahi kusimamishwa barabarani akaambiwa: "Lipa kwanza."

Kwa nini tunalizungumza jambo hili Kindu?

Maniema bado haina barabara kuu ya kulipia iliyowekwa mitambo. Katika nchi yetu peaji, yaani vituo vya kulipia barabara, zinazojulikana zaidi ziko mbali na hapa: kwenye Barabara ya Taifa namba 1 kati ya Kinshasa na Matadi, na kule Katanga ya zamani, kwenye njia ya malori ya shaba kati ya Kolwezi, Lubumbashi na Kasumbalesa. Lakini kutoa pesa njiani si jambo geni kwetu. Mtu wa Alunguli akitaka kufika Kasuku au Mikelenge analipa kuvuka Lualaba. Anayetoka Kindu kwenda Pangi, Punia au Kibombo anajua atakutana na kamba au mti uliolazwa njiani, na mtu ameketi kando yake.

Tunaamini kwamba barabara zetu zikitengenezwa, peaji zitafuata. Zikija, swali la kwanza litakuwa jinsi ya kulipa. Tungependa wananchi wa Maniema wawe na jibu lao kabla ya kibanda cha kwanza kujengwa, kwa sababu kibanda kikishazoea noti ni kazi ngumu kukibadilisha.

Noti inapopita dirishani

Tuangalie malipo ya noti yanavyokwenda. Lori linasimama. Tanboi anashuka na noti ya dola ishirini. Mpokeaji anaigeuza kwenye mwanga, anaona pembe imechanika kidogo, anaikataa. Inatafutwa nyingine. Hii ni nzima, lakini chenji inarudi kwa franka, na kiwango cha kubadilisha ni kile alichokitaja mpokeaji mwenyewe. Jetoni, yaani risiti, inatolewa, pengine imeandikwa kwa kalamu na tarakimu hazisomeki vizuri, pengine haitolewi kabisa. Nyuma yake malori mengine yanangoja, injini zinanguruma, mafuta yanaungua. Na mafuta yanayofika Kindu yamesafiri kwa treni, kwa ndege au kwa njia mbovu, wala hayana bei ya kuchezea.

Jioni zile noti zinahesabiwa na watu walewale waliozipokea. Kama magari mia yalipita na yakaandikwa sabini, nani atajua? Hapo ndipo ubaya wa noti ulipo. Hatusemi kwamba kila mpokeaji ni mwizi. Wengi ni wazazi wanaotafuta chakula cha watoto wao. Tunasema kwamba pesa isiyoacha alama inamweka hata mtu mwaminifu kwenye tuhuma, na inamnyima mwananchi uthibitisho kwamba mchango wake ulifika kwenye barabara.

Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walitoa ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Walihesabu vizuizi 798. Vingi vilishikwa na watu wenye silaha, wa serikali na wasio wa serikali, na vingi vilikuwa mahali pa kutoza. Watu wa Maniema wanaofanya biashara na Bukavu na Goma hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mtambo unafanya nini hasa?

Mfumo kamili wa kielektroniki hauna kibanda wala mti wa kuinua. Juu ya barabara husimamishwa fremu ya chuma yenye antena na kamera. Gari lina kibandiko kwenye kioo cha mbele. Linapopita chini ya fremu bila kupunguza mwendo, antena hutuma mawimbi ya redio, kibandiko hujibu kwa namba yake, na kompyuta hutafuta akaunti ya namba hiyo na kukata ushuru. Vifaa vingine hupima urefu na kimo cha gari au huhesabu ekseli zake, ili lori la tani nyingi lisilipe kama teksi. Gari lisilo na kibandiko hupigwa picha ya pleti, na ankara hutumwa kwa mwenye pleti.

Barabara namba 407 ya Toronto, Kanada, ilianza hivyo mwaka 1997. Daraja la Golden Gate la San Francisco liliacha kupokea noti mwezi Machi 2013. India ilichukua njia ya ukali: kuanzia katikati ya Februari 2021, gari lisilo na kibandiko kinachoitwa FASTag lilitozwa mara mbili kwenye peaji za barabara za taifa.

Kuna pia mfumo wa katikati, ambao sisi tunaona unatufaa zaidi. Gari bado linasimama au linapunguza mwendo, mti wa kuinua bado upo, lakini hakuna noti inayopita mkononi. Unalipa kwa kadi, kwa kibandiko, au kwa pesa ya simu, na risiti inatoka kwenye mashine.

Majirani wamefika wapi

Nairobi ilifungua barabara yake ya juu, kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, mwezi Mei 2022. Wenye magari waliwekewa njia tofauti za kulipa: kifaa cha kubandika ndani ya gari kwa anayetaka kupita haraka, kadi ya kujaza pesa, na noti kwa asiye na vyote hivyo. Uganda ilianza kutoza kwenye barabara ya Kampala hadi Entebbe, yenye kilomita 51, tarehe 8 Januari 2022, nayo ikaruhusu noti pamoja na kadi. Kwenye kivuko cha Magogoni na Kigamboni, Dar es Salaam, abiria wa miguu anagusisha kadi ya N-Card kwenye mashine na kupanda pantoni. Huo wa mwisho ndio mfano tunaotaka watu wa Kindu wautazame kwa makini, maana kuvuka maji ni jambo letu la kila siku.

Somo kubwa zaidi linatoka Afrika Kusini. Serikali ilipanua barabara kuu za Johannesburg na Pretoria, ikasimamisha fremu za kisasa, na tarehe 3 Desemba 2013 ikaanza kutoza bila kibanda hata kimoja. Mitambo ilifanya kazi. Kamera zilisoma pleti, ankara zilitumwa. Lakini wananchi wengi walikataa kulipa. Walisema hawakuulizwa, kwamba tayari wanalipia barabara kupitia ushuru wa mafuta, na kwamba gharama ya kukusanya ilikuwa kubwa mno. Vyama vya raia na vya wafanyakazi viliungana nao. Madeni yakarundikana mwaka hadi mwaka. Oktoba 2022 waziri wa fedha alitangaza kwamba serikali kuu itabeba asilimia 70 ya deni na jimbo la Gauteng asilimia 30. Usiku wa tarehe 11 Aprili 2024 fremu zilizimwa. Nchi yenye umeme, benki na pleti zilizosajiliwa zaidi kuliko sisi ilishindwa kwa sababu moja: watu hawakukubaliana na ushuru wenyewe. Kamera haiwezi kumlazimisha mtu aaminiye kwamba anaonewa.

Kwetu, mambo yanayohitaji kutengenezwa kwanza

Pleti ni la kwanza. Kamera inasoma pleti, na pleti inaelekeza kwa mwenye gari. Pikipiki nyingi za Maniema hazina pleti, na gari huuzwa mara tatu huku jina kwenye karatasi likibaki la mtu wa kwanza. Tukianza na ankara za picha leo, zitamfikia mtu aliyeuza gari lake miaka mingi iliyopita. Ndiyo maana hatushauri mfumo usio na kituo kwa sasa.

Mtandao ni la pili. Mjini Kindu pesa ya simu imezoeleka. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinapatikana kwenye kabini za mitaani, kwa franka na kwa dola. Ukishatoka mjini, simu inapoteza mtandao kwa muda mrefu wa safari. Basi kituo cha peaji kijengwe mahali penye mawimbi, kiwe na paneli za jua na betri, na mashine yake iweze kuandika malipo hata mtandao ukikatika, kisha iyatume baadaye. Mtu aweze pia kulipa mjini kabla ya safari na kubeba namba ya malipo. Kumzuia mgonjwa njiani kwa sababu mtandao umekatika ni dhambi, na kanuni ya kituo iseme wazi kwamba gari la wagonjwa halilipi wala halisubiri.

La tatu ni watu wasio na simu ya pesa. Bibi anayesukuma baiskeli ya mawese hawezi kuambiwa afungue akaunti ndipo apite. Msimamo wetu ni kwamba baiskeli na waendao kwa miguu wasitozwe kabisa. Hawaharibu barabara, linaloiharibu ni lori lililozidisha mzigo, hasa kwenye udongo uliolowa.

Hapa tuongeze neno kuhusu barieri ya mvua, ile inayofungwa mvua ikinyesha ili malori yasichimbe mitaro kwenye udongo laini. Hiyo si peaji. Ni kinga ya barabara, na inafaa kubaki. Tatizo huanza pale dereva anapotoa kitu kidogo na mti ukainuliwa huku maji bado yanatiririka. Dereva huyo ananunua ruhusa ya kuiharibu njia ambayo wiki ijayo ataililia. Kufungua barieri ya mvua kwa malipo kukataliwe kabisa, kwa noti na kwa simu pia.

La nne ni wafanyakazi. Noti zikiondolewa, wapokeaji wanapoteza kazi. Lakini barabara ya udongo inahitaji mikono mingi: kuzibua mifereji, kufyeka majani, kujaza mashimo yakiwa bado madogo. Kazi hiyo ya makantonie, inayofanywa vijijini na kamati za wenyeji, ndiyo inayookoa barabara, na mara nyingi ndiyo inayocheleweshewa malipo. Pesa itakayookolewa kwenye peaji iende huko kwanza.

Sheria inasema nini

Katiba yetu ya mwaka 2006, ibara ya 174, inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Mtu akikutoza, ana wajibu wa kukuonyesha andiko linalompa haki hiyo.

Mfuko wa Taifa wa Matengenezo ya Barabara, FONER, uliundwa kwa sheria namba 08/006-A ya tarehe 7 Julai 2008. Fedha zake hutoka kwenye tozo ya mafuta na kwenye peaji. Maana yake ni kwamba kila anayenunua mafuta kwa njia halali amekwisha kuchangia barabara kabla hajafika kwenye mti wa kuinua. Ana haki ya kuuliza mchango huo umetengeneza daraja gani na mfereji upi katika Maniema. Ofisi ya Barabara inahudumia mtandao mkubwa, takribani kilomita 58,000 nchi nzima, na jimbo lisilouliza husahaulika kirahisi.

Malipo ya kielektroniki yanarahisisha swali hilo. Mashine inajua magari mangapi yamepita, ya aina gani, na yamelipa kiasi gani. Tunadai hesabu hizo zibandikwe kila mwezi kwenye ofisi ya teritwari na zisomwe redioni. Mitambo ikiwekwa halafu hesabu zikafichwa, tutakuwa tumenunua kamera bure.

Ukilipa kwa simu, jilinde

Soma ubao wa bei kabla ya kutoa simu mfukoni. Bei iandikwe kwa franka, kwa kila aina ya gari, na itaje sheria iliyoiweka. Kama ubao haupo, uliza kwa heshima, mbele ya mashahidi.

Lipa kwenye namba ya kituo tu, ile iliyoandikwa ubaoni. Wakala akikwambia "nitumie kwenye namba yangu, mtandao wa ofisi una shida," kataa. Pesa iliyotumwa kwa namba ya mtu ni pesa ya mtu, hata kama umepewa karatasi yenye muhuri. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha; lisiwe la mtu binafsi.

Namba yako ya siri ni yako. Hakuna afisa, polisi wala wakala mwenye haki ya kuijua, wala kukubonyezea simu "akusaidie." Asiyejua kusoma aende na mtoto wake au jirani anayemwamini, si mtu aliyemkuta barierini.

Usifute ujumbe wa malipo. Una tarehe, saa, kiasi na namba ya muamala. Ukitozwa mara mbili kwa safari moja, ujumbe huo ndio shahidi wako. Wenye malori, waagizeni madereva wenu wawatumie ujumbe huo siku hiyohiyo, kisha mwisho wa mwezi mlinganishe jumla yenu na hesabu iliyobandikwa teritwari. Zikitofautiana, peleka nakala kwa shirika la madereva na kwa mbunge wa jimbo aliyechaguliwa kwenu, na uombe jibu kwa maandishi.