Akisami za Mirathi: Kujumlisha Asili Zisizolingana

Mtahiniwa, huenda unayakumbuka vyema mafungu ya Suratun Nisaa, aya ya 11 na 12. Wengi hawakwami hapo; hukwama wanapoyajumlisha.

Swali. Mfugaji wa Isiolo amefariki. Baada ya kuondoa gharama za maziko, madeni na wasia, wamebaki ngamia 24 wa thamani sawa. Ameacha mke, mama, mabinti wawili na kaka mmoja wa baba na mama. Hana mwana wa kiume. Baba na babu walishatangulia. Wagawie warithi.

Hatua ya 1: Taja mafungu. Kwa kuwa marehemu ana watoto, mke hupata thumuni (1/8) na mama sudusi (1/6). Mabinti wawili hushirikiana thuluthi mbili (2/3). Kaka ni asaba, huchukua kinachobaki.

Hatua ya 2: Tafuta asili moja. Asili, yaani namba ya chini, hutaja ukubwa wa kipande. Huwezi kuhesabu debe na vibaba pamoja mpaka vyote uvigeuze kuwa vibaba. Akisami nazo ni vivyo hivyo. Kigawe kidogo cha shirika cha 8, 6 na 3 ni 24.

Hatua ya 3: Geuza, kisha jumlisha viasi.

1/8 = 3/24
1/6 = 4/24
2/3 = 16/24
Jumla = 23/24

Mke ana ngamia 3, mama 4, kila binti 8, na kaka 1 aliyebaki. Hakiki: 3 + 4 + 16 + 1 = 24.

Kosa la kuepuka. Usijumlishe juu kwa juu na chini kwa chini ukapata 4/17. Jiulize: mabinti peke yao wana zaidi ya nusu, jumla ya wote itakuwaje chini ya robo?

Jumla ikizidi moja. Tuseme baba yu hai. Kaka hazuiliki kutajwa, lakini harithi. Baba hupata sudusi. Sasa 3 + 4 + 4 + 16 = 27, yaani 27/24. Mali haitoshi. Katika madhehebu manne ya Kisuni hutumika aul: 27 huwa asili mpya, na kila mrithi hupungukiwa kwa uwiano uleule. Fungu la mke huwa 3/27, yaani tusui (1/9). Husimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa swali hili akiwa mimbarini, akajibu papo hapo. Ndiyo maana huitwa Mimbariya. Kwa ngamia 24, mke anastahili 2 na thuluthi mbili. Ngamia mzima hakatwi, hivyo hukadiriwa bei.

Kumbuka. Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu wanaokubali kupeleka shauri lao huko. Kosa lako katika karatasi linakugharimu alama. Kosa lilo hilo katika boma linamgharimu mjane mifugo yake. Onyesha kila hatua.

Zoezi. Marehemu ameacha mume (1/2) na dada wawili wa baba na mama (2/3) pekee. Gawa ng'ombe 42.

Jibu. 3/6 + 4/6 = 7/6; asili mpya ni 7. Mume 18, kila dada 12.