Wagenia: pesa ya picha ni halali lini?

Ukitoka Kapalata, hapa Kisangani nchini Kongo, kumpeleka mgeni kwenye maporomoko ya Wagenia, huenda ukakuta mabishano ya pesa ya picha: mgeni ametoa simu, kijana amemzuia, sauti zinapanda. Naamini wavuvi wa pale wana haki ya kulipwa, ila si kwa sababu inayotolewa kwa kawaida. Chini ya sheria ya ardhi ya 1973, mto ni mali ya umma ya Serikali, hivyo kuutazama hakuna bei ambayo mtu binafsi anaweza kukutoza. Lakini milingoti iliyosimikwa kwenye miamba, vikapu vikubwa vya kunasia samaki na ujuzi wa kuvitega katika maji yale makali ni vyao. Ibara ya 34 ya Katiba ya 2006 inalinda mali ya mtu mmoja na ya jamii, hata iliyopatikana kwa desturi. Mvuvi akiombwa apande milingoti apigwe picha, au akimvusha mgeni kwa mtumbwi, anauza kazi yake, na bei ni ya mapatano. Uso wake pia ni wake: ibara ya 31 inalinda maisha ya faragha ya kila mtu, kwa hiyo picha ya mandhari ya mbali si sawa na kumsogelea mtu aliyekataa.

Wapo watakaosema mto ni wa mababu, na mgeni mwenye pesa hapungukiwi na faranga chache. Hoja ya mababu ina uzito. Desturi inatambuliwa, lakini haimruhusu yeyote kutisha watu. Kuchukua pesa kwa vitisho ni kosa zito la jinai, na ibara ya 32 inamlinda pia mgeni aliye nchini kihalali, huku ikimtaka atii sheria zetu. Tena pesa isiyo na kiwango humfaidi anayepiga kelele ufukweni kuliko mvuvi aliye juu ya milingoti. Afisa naye akidai kodi, kumbuka ibara ya 174: kodi huwekwa kwa sheria tu. Muulize ni sheria ipi, kisha udai risiti.

Ndugu msomaji, patana bei na chifu wa pale au mvuvi mwenyewe kabla ya simu kutoka mfukoni. Ukitishwa, usirushe ngumi. Shika majina ya mashahidi, upeleke malalamiko polisi au kwa mwendesha mashtaka. Nanyi wavuvi, bandikeni bei zenu mahali zinapoonekana, na mtoe risiti.