SOMO: Amplifaya ya Gitaa la Besi

Vijana wa kwaya zetu, Handeni na Korogwe, hutuuliza juu ya amplifaya ya valvu, vile vichupa vya kioo vya redio za zamani. Kweli, sauti yake ni nzito na tamu. Lakini Ampeg SVT ya mwaka 1969 ilihitaji valvu 14 ili kutoa wati 300, nazo valvu huchakaa. Za kubadilishia tutazipata wapi? Amplifaya ya transista yatutosha, hata iliyokwisha kutumika. Fedha itakayobaki inunue spika kubwa: uzi mnene wa besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ya redio (tumeona!) huchanika. Mwenye valvu asiifungue amplifaya yake, hata akiisha kuichomoa. Umeme wa kuua hubaki ndani.