Waya za prizi: kila rangi na kazi yake



Tangu umeme wa Matebe, kule Rutshuru, ufike Goma, koperative zingine zimeacha moteri za mazutu na kufunga za umeme ili kusaga mahindi. Ni jambo zuri. Lakini tumeona kosa moja ambalo linaweza kuua mtu.

Mu depo moja tuliyotembelea, fundi aliishiwa na waya nyekundu. Akachukua ile ya kijani na manjano kupeleka kuran kwenye prizi. Taa ikawaka, watu wakafurahi. Kisha fundi mwingine akaja kufunga mashini ya kusaga. Alipoona kijani na manjano alijua ni waya ya ardhi, akaifunga kwenye chuma cha mashini. Mama wa kwanza kugusa ile chuma alirushwa chini. Bahati nzuri alipona. Fundi wa pili alidanganywa na rangi.

Prizi ya volti 220 ina waya tatu:

1. Kijani na manjano: ardhi. Inapeleka mu udongo kuran iliyotorokea kwenye chuma. Isifanye kazi ingine, hata kama waya zingine zimeisha.

2. Bulu: netre. Inarudisha kuran.

3. Nyekundu, kahawia ao nyeusi: fazi. Hii njo inaleta kuran. Swichi inapaswa kukata fazi, si netre.

Muangalie sana nyeusi. Mu kanuni ya Ulaya ya leo, nyeusi ni fazi. Lakini mu kanuni ya zamani ya Waingereza, iliyofuatwa Uganda na Kenya, nyekundu ni fazi na nyeusi ni netre. Na sisi tunanunua vifaa kutoka pande zote. Kwa hiyo rangi inakuambia tu kile fundi aliyetangulia alitaka. Testeri njo inasema ukweli. Mujaribu testeri kwanza kwenye prizi yenye kuran, mukate disjonkteri, kisha mupime kila waya mbele ya kuigusa.

Kwa prizi tunashauri waya ya 2,5 mm² na disjonkteri ya ampere 16 ao 20. Ile ya 1,5 mm² ni ya taa. Moteri ya kusaga iwe na laini yake peke yake.

Hapa Goma kuna shida ingine: tunajenga juu ya mawe ya volkano. Chuma cha ardhi kinaingia kwa shida, na jiwe kavu halipitishi kuran vizuri. Waya ya kijani na manjano inayoishia kati ya mawe hailindi mtu. Muombe fundi apime ardhi, na aweke disjonkteri diferansiele ya miliampere 30.

Mbele ya kulipa fundi, mumwambie akate kuran, afungue prizi moja na kuwaonyesha waya zote tatu. Kisha muandike rangi hizo kwenye kibao cha disjonkteri, ili fundi atakayekuja kesho asikisie.