MDUDU ANAYEJIFICHA NDANI YA ASKARI

Leo ningependa tujifunze jinsi bakteria wa kifua kikuu, yaani TB, anavyouhadaa mwili wa binadamu. Mimi somo hili lilinijia nyumbani kabla ya kunijia darasani.

Mjomba wangu, ambaye tunaishi naye hapa Kakamega, alikohoa kwa majuma mengi. Majirani wakasema amerogwa. Alipopimwa makohozi alipatikana na TB, akapewa dawa za miezi sita. Baada ya miezi miwili alikuwa amenenepa, akarudi kukata miwa, akaacha dawa. Hata mimi nilimwambia, "Mjomba, si umepona?" Kumbe sote wawili tulikuwa tumedanganywa.

Hebu tuone mdudu huyu anavyofanya. Aligunduliwa na daktari Mjerumani, Robert Koch, aliyetangaza habari zake tarehe 24 Machi 1882. Hupitia hewani mgonjwa anapokohoa, akaingia mapafuni mwa mtu mwingine. Huko hukutana na askari wa mwili, yaani seli nyeupe. Kwa kawaida askari humeza bakteria na kumfungia katika kifuko. Kisha kifuko hicho huungana na kingine chenye asidi na vimeng'enya, bakteria akayeyushwa. Kwisha!

Lakini huyu wa TB ni mjanja. Kwanza, amevaa koti la nta ambalo ni vigumu kulipenya. Pili, akishamezwa, huzuia vile vifuko viwili visiungane. Basi hukaa mle mle ndani ya askari na kuzaana. Ni kama mwizi aliyejificha katika kituo cha polisi. Nani atamtafuta huko?

Mwili nao haukati tamaa. Huleta askari wengine wakajenga ukuta kumzunguka. Humo anaweza kulala miaka mingi bila mtu kuugua. Kati ya watu 100 walioambukizwa, ni 5 hadi 10 tu ambao huugua maishani. Lakini kinga ikidhoofika, kwa mfano kwa sababu ya Ukimwi au utapiamlo, ukuta hubomoka.

Tatu, hana haraka. Kuna bakteria wa tumboni wanaoweza kugawanyika kila dakika 20. Yeye huchukua karibu saa 20. Dawa huwaua upesi wale wanaogawanyika, lakini waliolala huchelewa kufa. Ndiyo maana dawa ni za miezi sita hata kama kikohozi kimekwisha. Ukiacha mapema, waliobaki huamka, na pengine wakawa sugu kwa dawa.

Hayo ndiyo yaliyompata mjomba. Alikohoa tena, akaanza dawa upya, na sisi sote nyumbani tukapimwa. Safari hii kalenda ninaishika mimi. Kila asubuhi kabla ya kuja shuleni namwona akimeza vidonge, kisha natia alama. Zimebaki siku 41.

Wenzangu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiona mtu amekohoa majuma mawili, mwambie akapimwe. Dawa za TB hutolewa bure katika hospitali za serikali. Na akianza kupata nafuu, tafadhali usimwambie kama nilivyosema mimi.