Gari likikataliwa kwa sababu ya moshi, dai uandikiwe

Tuchukue mfano ambao shofere yeyote wa Lubumbashi ataufahamu. Una Toyota ya esansi iliyokwisha kupita miaka 20. Ilitumika Japani, ikashushwa Dar es Salaam, ikavuka Zambia na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Leo umeipeleka kontrole tekniki. Mkaguzi anakuambia ukanyage mafuta, anatazama bomba la moshi, kisha anasema: "Hii haipiti, papa." Unapotoka, kijana mmoja anakufuata na kukunong'oneza kwamba ukitoa kitu kidogo, cheti kitapatikana kabla ya jioni.

Jibu letu ni hili: usitoe pesa, na usigombane. Omba uandikiwe.

Sheria inakudai nini

Sheria ya barabara, nambari 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inamtaka mwenye gari alitunze liwe katika hali nzuri. Katiba ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na inamwekea pia wajibu wa kuyalinda. Mwaka 2011 ikaongezwa sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai kuhusu ulinzi wa mazingira.

Kwa hiyo mkaguzi anayekataa gari linalofuka moshi anaweza kuwa na sababu halali. Mji wetu umeyeyusha shaba tangu 1911, na vifua vya watoto wa mitaa yetu ya Kamalondo na Kenya havihitaji moshi wa kuongezewa. Tena hewa mbaya zaidi itokayo kwenye injini ya esansi, yaani kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Wewe unayeshinda kwenye usukani ndiye wa kwanza kuivuta.

Usichanganye karatasi. Vinyeti ni kodi ya mkoa, na kodi ya kaboni unayotozwa ukiingia Zambia huhesabiwa kwa ukubwa wa injini. Hakuna hata moja kati ya hizo inayothibitisha kwamba injini yako ni nzima.

Uliza sababu, iandikwe

"Haipiti" peke yake si sababu. Uliza kwa heshima: kumepimwa nini, kwa mashine gani, na kiwango kinachotakiwa ni kipi? Gari la esansi hupimwa kwa mashine inayosoma gesi kwenye bomba la moshi, mara moja injini ikiwa inanguruma polepole, mara nyingine ikizunguka kama mara 2,500 kwa dakika. Ulaya, kwa mfano, gari la zamani lisilo na katalizeri, yaani kiboksi cha kusafisha moshi, huruhusiwa kaboni monoksidi hadi asilimia 3.5 au 4.5 kulingana na umri wake. Lenye katalizeri hubanwa kwenye asilimia 0.5 au chini ya hapo. Maana yake ni kwamba uzee wa gari pekee hautoshi kulihukumu. Lazima lipimwe.

Kama mkaguzi ametumia macho tu, naye aandike alichokiona. Rangi ya moshi itamsaidia fundi wako: mweusi ni dalili kwamba esansi inaingia nyingi kuliko hewa, wa buluu kwamba injini inakula oili, na mweupe usiokatika hata injini ikipata moto kwamba maji yanavuja ndani.

Wakikataa kukuandikia, andika barua wewe, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya serikali, nayo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu.

Lipa kilicho halali tu

Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema kodi huwekwa kwa sheria tu. Malipo ya mkoa na ya miji yameorodheshwa katika amri-sheria nambari 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Ukidaiwa, omba karatasi ya malipo yenye jina la huduma na kiasi, ukalipe benki, na utunze uthibitisho wake. Mtumishi wa serikali anayedai kisichodaiwa anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 146 cha sheria ya adhabu. Na kuhusu matabishi, yaani rushwa, sheria nambari 05/006 ya tarehe 29 Machi 2005 inamwadhibu anayepokea na anayetoa vilevile. Yule kijana wa pembeni anakuuzia kesi.

Polisi wa barabarani akikukamata wewe mwenyewe, kifungu cha 18 cha Katiba kinamlazimu akueleze sababu papo hapo, katika lugha unayoielewa. Ikiwa ni Kiswahili, dai Kiswahili.

Kama uliuziwa gari bovu

Inama chini ya gari, ufuate bomba kutoka injini kwenda nyuma. Ukikuta kipande cha bomba jipya lililonyooka na alama mbili za kuchomelea mahali pa kile kiboksi kinene, katalizeri imekatwa. Watu huiuza kwa sababu ndani yake mna platini, paladiamu na rodiamu. Gari la namna hiyo huenda lisipite kipimo chochote cha haki.

Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo ingali msingi wa sheria yetu ya mauzo, inamfanya muuzaji awajibike kwa kasoro zilizofichika. Lakini inataka ushtaki mapema. Piga picha, mwombe fundi aandike alichokikuta, mpelekee muuzaji barua, na akikaidi nenda mahakamani. Madai madogo huanzia Tripaix, yaani mahakama ya amani.

Kabla ya kurudi kupimwa

Anza na vya bei ndogo: filta ya hewa, buji, oili mpya. Kisha sensa ya oksijeni na injekta. Ringi za pistoni na katalizeri ziwe za mwisho. Omba risiti ya kila kazi, maana ndiyo itakayoonyesha kwamba ulitii.

Mambo yakikuzidi, mawakili wa Lubumbashi wana ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Nenda na karatasi zako zote. Lakini kwanza tengeneza gari: hakuna wakili anayeweza kukutetea dhidi ya moshi unaompulizia mtoto wa jirani.