Pedi za Kunyonyesha: Za Kutupa au za Kufua?

Mama wengi waliojifungua karibuni hukuta nguo imelowa kifuani wakiwa sokoni, kanisani, msikitini au ndani ya matatu. Hilo si ugonjwa. Mtoto anaponyonya titi moja, mwili hutoa homoni ya oksitosini inayosukuma maziwa katika matiti yote mawili. Hata kilio cha mtoto kinaweza kuyatoa. Kwa wengi, kuvuja hupungua baada ya wiki kadhaa, mwili ukishazoea kiasi anachohitaji mtoto. Wengine hawavuji kabisa, na hiyo si dalili kwamba maziwa ni machache.

Pedi ya kunyonyesha huwekwa ndani ya sidiria ili kunyonya maziwa hayo. Zipo za aina mbili, na kila moja ina gharama na kazi yake.

Pedi za kutupa

Pedi hizi huwa na kitambaa laini juu, kitu cha kunyonya maji katikati na, mara nyingi, plastiki nyembamba chini. Ni nyepesi, hazionekani chini ya nguo, na hazihitaji maji. Zinafaa safarini, hospitalini baada ya kujifungua, na mahali ambapo maji ni ya kununua kwa mtungi, kama ilivyo sehemu za Ganze na Magarini nyakati za kiangazi.

Tatizo la kwanza ni plastiki. Huzuia hewa, na pedi iliyolowa ikikaa muda mrefu chuchu hulainika, huchubuka na huweza kupata fangasi. Tatizo la pili ni taka. Pedi ya kutupa isitiwe chooni. Huziba mabomba ya choo cha maji na hujaza upesi choo cha shimo. Ifungwe kwenye karatasi na itiwe kwenye pipa la taka zisizooza.

Pedi za kufua

Hizi hushonwa kwa tabaka za pamba, flaneli au taulo. Fundi wa nguo anaweza kuzishona, na mama anaweza kujitengenezea kwa leso kuukuu ya pamba, ambayo kwa kufuliwa mara nyingi imekuwa laini na hunyonya vizuri. Kitambaa hukatwa mviringo wa upana wa sentimita 12 hivi, huwekwa tabaka tatu au nne, kisha hushonwa ukingoni. Kitambaa cha nailoni hakifai kwa sababu hakinyonyi.

Kazi yake ni kufua na kukausha. Zisuuzwe kwa maji baridi kwanza, zifuliwe kwa sabuni, zisuuzwe mpaka povu liishe na zianikwe juani. Dawa ya kulainisha nguo isitumike, kwani hupunguza uwezo wa kunyonya. Zisifuliwe katika beseni moja na nepi zenye kinyesi. Msimu wa mvua za masika, unyevu wa Pwani huchelewesha kukauka. Pedi yenye ubichi isivaliwe. Ipigwe pasi kwanza au isubiri siku ya pili.

Hesabu kabla ya kununua

Tuseme mama anabadilisha pedi mara 4 kwa siku. Kwa matiti mawili ni pedi 8 kwa siku, 240 kwa siku 30, na 480 kwa siku 60. Pakiti ikiwa na pedi 30, atahitaji pakiti 16 kwa miezi miwili. Azidishe 16 kwa bei ya duka la karibu.

Kwa pedi za kufua, 16 zinatosha wakati wa jua: 8 za kuvaa na 8 zikiwa kwenye kamba. Wakati wa mvua ni vyema kuwa na 24. Gharama hiyo hulipwa mara moja, na pedi zikitunzwa zitatumika kwa mtoto anayefuata. Mama aongeze humo bei ya sabuni na maji.

Si lazima kuchagua moja tu. Wengi hutumia za kufua nyumbani na kubeba chache za kutupa kwa safari.

Mambo ya kuzingatia kwa zote mbili

• Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika pedi au titi.
• Badilisha pedi inapolowa, usiku pia.
• Usiweke karatasi ya nailoni ndani ya sidiria.
• Usikate pedi ya hedhi vipande. Unga wa ndani unaonyonya maji hutoka na kushika ngozi.
• Pedi nene ndani ya sidiria inayobana hukandamiza titi na inaweza kuzuia maziwa kutoka. Chagua sidiria yenye nafasi.
• Pedi ikigandamana na chuchu, ilowanishe kwa maji safi kwanza. Usiivute.

Mama anayerudi kazini

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa. Titi lililojaa huvuja zaidi, hivyo kukamua kwa wakati hupunguza pedi zinazohitajika na humwekea mtoto chakula chake, kwani maziwa ya mama pekee yanamtosha kwa miezi sita ya kwanza.

Nenda kliniki mapema ukiona

• Chuchu zinawaka au kuchoma, au mtoto ana utando mweupe mdomoni usiofutika. Huenda ni fangasi. Mama na mtoto hutibiwa pamoja, na pedi za kufua zichemshwe kila siku wakati wa matibabu.
• Titi limekuwa gumu, jekundu na la moto, pamoja na homa.
• Usaha unatoka kwenye chuchu.

Mama mwenye dalili hizi asimwachishe mtoto ziwa kabla ya kuzungumza na muuguzi. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijijini anaweza kumwelekeza kwenye zahanati iliyo karibu.